Upande wa Kushoto

Langley Park, Maryland
3 Novemba 2024

Kwa Bibi Salme, mke mwenzangu wa Gaithersburg,

Shikamoo. Mama amerudi kazini sasa hivi, miguu imemvimba, na ameniambia nikuandikie kwamba hajakusahau. Sisi hatujambo. Wachimbaji wa reli wamefunga tena barabara ya mbele ya jengo letu, na basi siku hizi linazunguka hata mtu akasahau alikokuwa akienda.

Mjomba Sufian alinipigia simu jana akanicheka. "Safa, just call her! Bibi yuko Gaithersburg, si Pemba." Yeye hajui ahadi yetu. Tangu nina miaka minane hunitaki kwenye simu, unasema simu inawaharakisha watu, na barua zangu unanirudishia zimejaa wino mwekundu kama zimechinjwa. Hii nayo ichinje, lakini kwanza soma habari.

Nimeshapeleka maombi ya vyuo. Ni vinne. Kimoja ni cha jimbo letu, ambacho nikisimama kwenye paa la jengo hili nakaribia kukiona. Vitatu viko majimbo mengine, mbali kabisa. Ninachokitaka kwa roho yangu yote ni kile cha kaskazini, penye ziwa, kwa sababu wanafundisha usanifu wa majengo na wakikuchukua wanakusomesha wao wenyewe. Tangu tuje hapa mimi nalala sebuleni, bibi, kitanda changu ni kochi. Nataka kujifunza kujenga nyumba yenye milango.

Tatizo ni kwamba mtu wa jimbo la nje hana hesabu. Mtoto wa pale pale akiziona alama zake anajua ataangukia wapi. Sisi wa nje tunachaguliwa kwa mambo tusiyoambiwa. Mwaka jana walimkataa kijana aliyekuwa wa kwanza skuli nzima, wakamchukua mwenzake aliyekuwa akilala darasani. Mshauri wetu wa skuli, Bwana Tobias, Mkenya, ameniambia waziwazi: "Kwa out-of-state, Safa, usitafute logic. Kuna mtu ataketi na file yako dakika chache tu. Mfanye ashtuke."

Basi nimeandika insha. Kila mwombaji huandika moja, ya maisha yake, na hiyo ndiyo wanayoisoma hao watu. Mimi nimekuandika wewe. Usiniulize zaidi, ni mambo mema. Niombee.

Mjukuu wako,
Safa


Gaithersburg
17 Novemba 2024

Safa, mke mwenzangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata na makosa ni machache, nimesikitika, kalamu yangu imekosa kazi na sugu yake kidoleni imelainika. Babu yako angekuwa hai angenipa talaka akuoe weye uliyesoma. Mwambie mama yako anyanyue miguu juu ya mto na aache hiyo kazi ya zamu mbili, japo najua hanisikii.

Nimekuombea. Nimeomba uingie huko kwenye ziwa, ingawa roho yangu haipendi ile baridi. Lakini huko kuandikwa kwangu kumenishughulisha. Mie nina nini cha kuandikwa? Nimezaa wawili, nimemzika mume, nimewaosha maiti wa kike wa watu wetu tangu Wheaton haina hata bucha moja la halali. Hao wa huko ziwani wanataka kujua nini katika hayo?

Sasa nikupe kioja. Juzi nilipoamka kwa sala ya alfajiri nilijikuta nimelowa. Usicheke, siko huko unakofikiri. Nimelowa upande mmoja. Nywele za kushoto, shingo, mkono, ubavu wa kushoto mpaka kwenye kisigino. Upande wa kulia nilikuwa mkavu, na shuka kavu. Sufian alipanda juu ya dari kutazama mabomba, hakuona kitu. Akasema, "Mama, labda ni jasho." Jasho gani lenye harufu ya majani ya mkunazi? Maana hiyo ndiyo harufu niliyoisikia, ile ya maji yetu ya kuoshea. Nikaufungua mkoba wangu wa kazi nikidhani majani yamemwagika. Yamefungwa vilevile.

Mie si mwoga wa maiti, unanijua. Lakini jambo hili halijanikaa vizuri. Nisomee Yasini na weye, na nambie: umeandika nini?

Bibi yako,
Salme binti Vuai


Langley Park
22 Desemba 2024

Kwa Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, mitihani ilinibana.

Jibu la kwanza limekuja. Chuo kimoja cha mbali kimenikataa. Barua yao ilikuwa fupi na ya upole sana, wamesema waombaji walikuwa wengi na wazuri. Kuria, yule kijana wa ghorofa ya juu, chuo hicho hicho kimemchukua. Aliomba kwa mzaha, bibi, insha yake ameandika habari za viatu vyake. Yeye mwenyewe alipoiona barua alidhani ni utapeli. Mama yake amepika pilau la jengo zima na mimi nimekula sahani mbili kwa uchungu.

Bwana Tobias amesema nisikate tamaa, kwa sababu insha hazisomwi mara moja. Anaisoma mtu wa kwanza, halafu wa pili, na ikipita inakwenda kwenye kamati, wanakaa mezani na mmoja anaisoma kwa sauti. Kwa hiyo huenda sasa hivi kuna mtu ananisoma. Inanisisimua na inanitia baridi.

Yale maji, bibi, una hakika si bomba? Nyumba za huko zinajengwa haraka haraka. Mwambie Mjomba amwite fundi wa kweli.

Na insha nimeandika ulivyokuwa ukinipeleka kule chini ya msikiti wa Wheaton, mnakooshea maiti, nikiwa mdogo, kwa kuwa Mama alikuwa kazini na hapakuwa na wa kuniangalia, nikakushikia ndoo. Basi.

Mjukuu wako,
Safa


Gaithersburg
9 Februari 2025

Safa,

Marahaba. Fundi amekuja, ametoboa ukuta, ameuziba, amekwenda zake. Hakuna bomba.

Imenitokea tena, na tena. Siku hizi haingoji hata nilale. Wiki iliyopita nimekaa sebuleni mchana kweupe, Sufian yuko pembeni anatazama mpira, nikahisi mkono unanikandamiza tumbo. Polepole, kwa kiganja, kutoka juu kushuka chini. Mie nimefanya kazi hii zaidi ya umri wa mama yako, naujua mkono huo. Ndivyo tunavyomkamua maiti kabla ya kumwagia maji. Halafu maji yakaja. Nilitaka kumwita Sufian lakini kiganja kingine, kidogo, kikaniziba macho, kama mtu anayeogopa maji yasiniwashe. Kilipoondoka nikamkuta mwanangu ananitazama, anauliza kwa nini gauni langu limelowa nusu.

Juzi tulikuwa Wheaton, mie na Bi Maryam, mwosha mwenzangu, tunamwosha mama mmoja wa Kingazija, Mungu amrehemu. Katikati ya kazi Bi Maryam akanishika mkono wa kushoto akaugeuza. "Salme, mkono wako huu vipi?" Vidole vilikuwa vyeupe na vimekunjamana, kama vya yule tuliyemlaza mezani. Vya kulia vilikuwa vyangu vya siku zote. Tulipomaliza, Bi Maryam aliponiaga alinishika mabega akanitazama kama anayemuaga msafiri.

Naoshwa, Safa. Sina jina jingine la kuliita jambo hili. Na anayeniosha hajui kazi! Anaanza upande wa kushoto! Kama ni malaika, basi hakufunzwa, na kama ni jini, ni jini mjinga. Maiti huanzwa upande wa kulia, hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo.

Nakutania, lakini naogopa. Kufa sikuogopi. Naogopa kuoshwa nikiwa hai na mtu nisiyemjua.

Nilikuuliza swali ukanizungusha. Nakuuliza tena. Umeandika nini?

Bibi yako,
Salme


Langley Park
23 Machi 2025

Bibi wangu,

Shikamoo. Soma barua hii ukiwa umekaa, na umeshafuturu. Wiki zote hizi barua yako ilikuwa chini ya mto wangu na sikuthubutu kushika kalamu.

Anayekuosha ni mimi.

Katika insha yangu ya kwanza ulikuwa hai. Uko na mkoba wako, unapanda basi la kwenda Wheaton, unagombana na dereva aliyekupita kituoni. Bwana Tobias aliisoma akanirudishia. "Ni nice, Safa. Lakini nice haimwingizi mtu wa out-of-state." Akanionyesha insha za waliopita miaka ya nyuma. Mmoja mama yake alikufa, mwingine kaka yake. Hakuniambia nikuue. Nilikuua mwenyewe, jioni moja, nimekaa kwenye kochi, na nilipokuwa nikiandika nililia kama ni kweli, nikadhani machozi yale yananisamehe.

Nimeandika kwamba ulifariki majira ya joto na kwamba nilikuosha mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Nikakukamua tumbo polepole. Nikamwaga maji ya mkunazi ubavu wa kushoto, kisha wa kulia. Nilipofika usoni nikakuziba macho kwa kiganja, nikiogopa maji yasikuwashe, halafu nikakumbuka kwamba hayawezi kukuwasha tena. Insha inaishia hapo. Bwana Tobias alipofika hapo alivua miwani.

Kumziba maiti macho sikumwona mtu akifanya, bibi. Nililitunga mimi, kwa ajili yao. Nawe ukaniandikia kiganja.

Chuo cha jimbo letu nilikipelekea ile insha ya uhai, na kimenichukua. Vile vitatu vya mbali vyote nilivipelekea ile ya kifo. Cha kwanza kilikataa, unajua. Cha pili kimenikubali bila msaada wowote wa ada, ambako ni kunikataa kwa adabu. Na kile cha ziwa kimeniweka kwenye orodha ya kusubiri. Hawakusema ndiyo, hawakusema hapana. Kukipatikana nafasi, Mei au Juni, watarudi kwenye mafaili na kuyasoma upya. Nilimuuliza Bwana Tobias nina uwezekano gani, akainua mabega. "Nobody knows. Hata wao hawajui."

Nataka kujitoa. Nimeshaandika barua pepe ya kujitoa, imebaki kubonyeza tu. Nikikaa kwenye orodha watakusoma tena, na wakikusoma utaoshwa. Nambie nibonyeze.

Najiogopa, bibi. Nisamehe ukiweza.

Safa


Gaithersburg
28 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Usibonyeze kitu.

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikacheka, mpaka Sufian akaja mbio akidhani nimepaliwa. Mara ya pili nikakasirika, nikaiweka chini ya kiti nikaenda kusali. Uchuro gani huu, Safa? Umzushie bibi yako kifo ili upate kiti cha skuli? Ungekuwa karibu ningekufinya mpaka ukaliona hilo ziwa. Mara ya tatu nikalia. Hebu nikueleze kwa nini.

Wote niliowaosha katika nchi hii walikuwa na mtu. Mwenye binti, mwenye dada, mwenye shoga. Mie nikirudi nyumbani hujiuliza nani ataniosha mie. Mama yako hawezi, akiona maiti anaanguka yeye. Mke wa Sufian ni mwema lakini hata kuku hamshiki. Bi Maryam ni mkubwa kuliko mie. Nimelala na hofu hiyo miaka na sikumwambia mtu, nikiwaza kwamba nitaoshwa na watu wa kuitwa kwa simu, ambao hawajui hata jina la mama yangu. Kumbe yule mtoto wa ndoo alikuwa akitazama.

Na kosa lako nimelielewa. Ulikuwa ukisimama miguuni. Upande wa kulia wa maiti ulikuwa kushoto kwako, nawe umeandika ulivyoona. Sasa najua mikono ile ni ya nani, na hofu imenitoka. Wakinisoma, wanisome. Mwosha huoshwa.

Lakini uwongo ni uwongo, na tuko katika mwezi mtukufu. Waandikie hao watu ukweli. Waambie bibi yangu yu hai, anakula vizuri, na anagombana na madereva. Wakikufuta kwa hilo, wakufute wao, usijifute weye. Idi ikipita uwe unakuja Wheaton siku za Jumamosi, nikufunze kuanza upande wa kulia. Na uniahidi jambo moja: wakikuita, nenda. Usinifanye mie kisingizio cha kubaki kwenye kochi.

Kwetu husema aliyezushiwa kifo huongezewa umri. Basi nitawachosha.

Bibi yako aliye hai,
Salme binti Vuai


Langley Park
11 Mei 2025

Kwa Bibi aliye hai,

Shikamoo. Mgongo unaniuma bado kwa ile kazi ya jana, na Mama anasema ninanukia karafuumaiti mpaka kwenye mswaki. Namwambia azoee.

Bado nauona mkono wa yule bibi wa Pemba tuliyemwosha. Nilipoanza kumwagia nilitetemeka, ukanipiga kiganja. "Maiti hataki mtetemeko, anataka maji." Watu wote wangeniambia pole, wewe umenipiga. Lakini baada ya hapo mkono ulitulia wenyewe. Upande wa kulia, kisha wa kushoto, na karafuumaiti katika josho la mwisho tu, kwa sababu ndiyo inayofunga kazi. Nimeshika. Uniulize hata usingizini.

Ahadi nimekupa: wakiniita, nitakwenda. Nimewaandikia wale wa ziwani, ukurasa mmoja, nikawaambia nilitunga kifo, kwamba uko hai na kwamba unanifundisha kazi yako. Niliogopa watanitangaza mwongo kwa vyuo vyote. Jibu lao lilikuja siku ileile: asante, barua yako imeongezwa kwenye faili lako. Basi! Hawakukasirika, hawakufurahi. Sijui hata kama limeandikwa na mtu.

Nimekubali nafasi ya chuo cha jimbo letu, maana siku ya mwisho ilikuwa imefika. Nimekaa vizuri na jambo hilo, bibi, kweli. Kila Jumamosi nitakuwa na wewe. Kuria anakwenda kule alikoomba kwa mzaha, na ameniomba nimsaidie kuchagua koti.

Unasema umekaa mkavu tangu Idi. Alhamdulillahi. Nadhani wameshaacha.

Mjukuu wako na mwanafunzi wako,
Safa


Gaithersburg
9 Juni 2025

Safa wangu,

Barua hii ni fupi, mkono umekufa ganzi.

Leo baada ya adhuhuri imekuja tena. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha dirishani, nikasikia mkono tumboni, nikajua wamefungua faili lako. Sikushtuka. Nilifumba macho mwenyewe kabla hujaniziba. Upande wa kushoto tena, kwa hiyo ni insha yako ileile ya zamani, ile barua ya kweli hawajaifikia au hawaijali. Lakini safari hii maji yalikuwa ya vuguvugu, na nilisikia karafuumaiti.

Sufian anataka kunipeleka kwa daktari wa moyo, yule ambaye sikukuambia habari zake. Nimemwambia Alhamisi. Usije leo wala kesho, ukae na mama yako, Idi hii nyumba yenu ilikuwa kimya. Jumamosi tutaonana.

Nimekuwekea mkoba wangu mlangoni. Una kata zangu mbili za kuchotea maji, majani, na kile kitambaa cheupe ninachooshea. Usimpe mtu.

Ulichoniahidi nakikumbuka.

Bibi yako,
Salme


Langley Park
15 Juni 2025

Bibi,

Sijui niandike shikamoo au vipi, na hakuna tena wa kunichinja kwa wino mwekundu. Lakini sina ninayemwandikia ila wewe.

Ulifariki Jumanne, baada ya sala ya alasiri, kwenye kiti cha dirishani. Mjomba Sufian ndiye aliyekukuta. Alinipigia simu akawa anasema jambo moja tu, "Safa, she's wet, amelowa, why is she wet," na mimi nilijua upande gani bila ya kuuliza.

Tulikuosha Jumatano asubuhi, mimi na Bi Maryam. Mama alisimama nje ya mlango akisoma. Bi Maryam alikaa kwenye kigoda akaniachia kazi yote, akasema magoti yake hayawezi, lakini nadhani alijua. Nilianza upande wa kulia. Nilimwaga vizuri, bila haraka, na mkono haukutetemeka, ungejivuna. Nilipogeukia upande wa kushoto nilisimama, kwa kuwa ulikuwa umeshaoshwa. Nywele zako za kushoto zilikuwa safi na zimechanwa. Vidole vyeupe. Nikauosha tena, kwa haki yake. Usoni nilikuziba macho kwa kiganja, Bi Maryam akaniona, hakunikataza.

Na ulinukia karafuumaiti kabla sijafungua kopo. Niliitazama ile insha usiku wa mazishi, bibi, neno kwa neno. Karafuumaiti sikuiandika mimi.

Barua yako tuliikuta mlangoni tulipotoka makaburini. Na simu yangu nilipoiwasha nikakuta wameandika wale wa ziwani. Nimechukuliwa, na watanisomesha wao wenyewe. Wamesema Jumatatu msomaji mmoja aliifungua upya insha yangu, na Jumanne, alasiri, kamati yao ilisomewa kwa sauti, na baadhi yao walilia. Ile barua yangu ya kusema uko hai hawakuitaja popote. Chini kabisa mtu ameongeza kwa maneno yake mwenyewe kwamba wananipa pole kwa msiba wangu. Nilitaka kuwajibu kwamba wamekosea, kisha nikakumbuka kwamba hawakukosea.

Nilikaa siku tatu na simu mkononi. Nakuchukia kidogo kwa ile ahadi. Nilitaka kuwakataa, nilitaka wakukose kama ninavyokukosa mimi. Nikamuuliza Bwana Tobias kwa nini wamenichagua mimi kati ya wote waliokuwa kwenye ile orodha, akaniambia lilelile, hakuna ajuaye. Mama ndiye aliyemaliza maneno. Alikaa kwenye kochi langu akasema, "Uliahidi kwa maiti au kwa mtu hai?" Nikamwambia kwa mtu hai. "Basi ndiyo nzito zaidi."

Jana jioni nimewaandikia kwamba nakuja. Nakwenda na mkoba wako. Nimeuliza, kuna msikiti mdogo huko, na hawana mwosha wa kike.

Leo nimeamka kwa alfajiri, bibi, na nimelowa. Shuka kavu, kochi kavu. Maji yalikuwa ya mkunazi tu, hayana karafuumaiti hata kidogo. Nilipotaka kufumbua macho kiganja kilikuwa kimenilalia usoni, kikavu, chenye ile sugu ya kalamu kwenye kidole, na kilikaa mpaka maji yalipokwisha. Sikupiga kelele, Mama amelala na ana zamu.

Ni nywele za kulia zilizolowa, na mkono wa kulia, na ubavu wa kulia mpaka kwenye kisigino.

Mjukuu wako,
Safa